Mwaka Tuliojifunza Herufi, Mimi na Mwanangu

Mwanangu alitimiza miaka miwili na nusu bila kusema neno. Alikuwa akilia, akicheka, akiguna alipotaka maji na kuvuta leso yangu alipotaka kubebwa, lakini neno hasa, hata "mama," halikuwa limemtoka. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa nne Mtongwe, na mume wangu alikuwa na mwaka wa pili vitani.

Mimi ni mzaliwa wa Jomvu Kuu. Nilipoolewa nilivushwa kwa mashua hadi Mtongwe, kwenye nyumba ya udongo na mawe yenye vyumba viwili, na kiwanja kilichopakana na shamba la mihogo. Vita vilikuwa vimeshaanza. Mume wangu alikuwa ameandikwa askari wa mizinga, na mizinga yenyewe iliwekwa ufuoni, upande wa bahari kuu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Kwa hiyo mwanzoni uaskari wake ulikuwa kama kazi nyingine yoyote. Aliondoka Jumamosi alfajiri, akarudi Alhamisi jioni, akasali Ijumaa na watu wa mtaani, akalala mchana wote, akaondoka tena. Mimi nilifua sare zake na kuzipiga pasi ya makaa. Nilidhani vita vyetu vitakuwa hivyo mpaka mwisho.

Mtoto alipokuwa na miezi minane kikosi cha mume wangu kikahamishwa. Alikuja nyumbani Jumanne, siku ambayo haikuwa yake, akala, akambeba mtoto na kumzungusha kiwanjani mara mbili. Alisema hawakuambiwa wanapelekwa wapi, ila wamepewa mablanketi mawili kila mtu, na mmoja wao aliyewahi kusafiri alikisia kuwa ni ng'ambo ya bahari. Akamuaga mama yake, akaniaga mimi, akaenda. Sikulia. Nilikuwa na nguo za mtoto kwenye beseni na jua lilikuwa linakwisha.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Sikulitambua jambo hilo kwa wakati wake. Nimelijua baadaye, na nitaeleza nilivyolijua. Tulibaki watu watatu: mimi, mtoto, na mama yake mume wangu, yaani mavyaa wangu. Mavyaa alikuwa mtu wa shamba. Akimaliza sala ya alfajiri hushika jembe, na hurudi jua likiwa limepita utosini, amechoka, akitaka maji ya kuoga na chakula. Hakuwa mkali. Lakini kwetu nilifunzwa kwamba mwanamke haropoki mbele ya mavyaa wake, naye alifunzwa hivyohivyo zamani zake, basi tukawa watu wawili wenye adabu sana katika nyumba moja. Nilimwamkia asubuhi, nikamwitikia "abee" akiniita, nikamwambia chakula tayari. Siku ikaisha.

Kwetu Jomvu nisingeweza kwenda mara kwa mara. Maji yale yalikuwa yamejaa meli za kivita, na mashua za watu ziliwekewa mipaka. Ilibidi mtu azunguke Likoni, avuke kwa feri baada ya malori ya jeshi kumalizika yote, akatize kisiwa kizima, kisha ashike njia ya Changamwe kwa miguu. Na mtoto mgongoni, ilikuwa safari ya kutwa. Nilikwenda mara mbili tu katika miaka ile.

Barua ya kwanza ya mume wangu ilifika baada ya miezi mitano. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kizungu. Mimi nilijua kusoma, ila nilijua herufi za Kiarabu, nilizofunzwa chuoni pamoja na Kurani, na ndizo tulizotumia nyumbani kwetu kuandikiana kwa Kiswahili. Yeye pia alijua hizo. Lakini barua za askari zilipitia mikononi mwa wakaguzi, na karani wa kikosi ndiye aliyemwandikia. Nikaigeuzageuza ile karatasi. Kulikuwa na tundu mbili za mraba, zilizokatwa kwa mkasi, mahali ambapo nadhani palikuwa na jina la nchi.

Mtu wa karibu aliyejua herufi zile alikuwa karani wa duka la mgao, pale tulipopanga foleni na kadi zetu kupata unga na sukari. Nikampelekea. Alikuwa kijana mwema na hakukataa, ila alisoma kwa sauti kubwa kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mume wangu alikuwa ameandika kwamba ni mzima, kwamba nchi ile ina mvua kupita kiasi, na kwamba ananiota. Karani alilisoma neno hilo kwa sauti ileile aliyotumia kusomea majina ya watu wa mgao. Wanawake wawili nyuma yangu wakatazama chini. Nilichukua unga wangu na barua yangu, nikarudi nyumbani, na barua ya pili ilipokuja sikumpelekea. Niliiweka chini ya godoro ikiwa haijasomwa. Ya tatu nayo ikaja, nikaiweka juu ya ile ya pili.

Mimi nilikuwa nimemjibu kwa herufi zangu, kurasa mbili, nikaeleza habari za mtoto na za mama yake. Barua ile ilirudi baada ya wiki nyingi ikiwa na muhuri. Mzee wa mtaa, aliyeniletea, alisema kwamba huko inakopitia hakuna mkaguzi wa kuisoma, na wasichoweza kukisoma hawakipeleki. Akanishauri nitafute mtu wa kuniandikia. Nikasema ahsante. Sikumtafuta.

Ndipo lilipokuja jambo la mtoto. Watoto wa rika lake walikuwa wakisema. Watu wakaanza kuuliza, kwanza kwa upole. Mavyaa hakuuliza, alichukua hatua. Akamwita mama mmoja mzee wa Likoni ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia vinywa vya watoto. Mama yule akamlaza mwanangu mapajani, akainua ulimi wake kwa kidole, akasema haujafungwa, hana la kukata. Tukaenda kwa mwalimu wa chuo, akamwandikia kombe, yaani aya za Kurani, kwenye sahani kwa zafarani, likaoshwa kwa maji, akanywa siku saba. Mtoto alilipenda kwa sababu ya harufu yake, na siku ya nane alileta ile sahani akataka tena. Lakini hakusema.

Nilianza kuogopa kwamba ni kiziwi. Hofu hii sikumwambia mtu yeyote, na kwa kweli sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alipanga mwanamke wa Rabai, Mkristo, ambaye mumewe alikuwa askari katika kikosi kimoja na mume wangu. Waliondoka siku moja. Hakuwa na mtoto. Alikuwa amesoma shule ya misheni miaka kadhaa, na alibaki Mtongwe kwa sababu mumewe alimwambia amsubiri hapo. Tulikuwa tukisalimiana kisimani na kuulizana habari za vitani, ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa nazo. Zaidi ya hapo sikumjua.

Siku moja alikuja kuazima ungo. Nilikuwa nimekaa barazani nasuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, mtoto ameketi mbele yangu akichezea majani ya mkindu. Yule jirani hakuwa na haraka. Alikaa, akatazama mikono yangu, akaniuliza maswali ya kusuka, nami nikamwonyesha. Alikaa muda mrefu. Kisha akasimama, akaingia jikoni kwangu bila kuomba ruhusa, akatoka na mfuniko wa sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mwanangu na kuupiga mfuniko mara moja. Mtoto alishtuka akageuka.

"Anasikia," akasema.

Nikamwambia alhamdulillahi. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba sikumuuliza alijuaje hofu yangu. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Akaketi tena, akauweka mfuniko chini.

"Dada, usinikasirikie. Nimekaa hapa tangu umeanza ukili huu mpaka umefika urefu wa mkono, na hujamwambia mtoto neno hata moja. Atasema nini, na hajasikia mtu akisema?"

Nilikasirika. Nilimpa ungo na nikamwambia mavyaa wangu yuko karibu kurudi, maana yake aende. Aliielewa maana yake na akaenda. Usiku ule nilijitetea moyoni: kwamba mtoto analelewa, analishwa, anaogeshwa, hajawahi kulala na nguo chafu. Yote hayo yalikuwa kweli.

Siku iliyofuata nikajisikiliza. Tangu kuamka mpaka adhana ya adhuhuri nilikuwa nimesema "shikamoo" kwa mavyaa, "bismillahi" nilipowasha moto na nilipomlisha mtoto, na "njoo" mara tatu au nne. Nilikuwa nimefagia, nimeteka maji, nimefua, nimekuna nazi, nimemwogesha mtoto kuanzia kichwani hadi vidoleni, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa katika kazi zote hizo. Sikujua. Ningeulizwa, ningeapa kwamba nazungumza na mwanangu siku nzima, kwa sababu moyoni mwangu nilikuwa nikizungumza naye.

Alasiri nilikwenda kwa jirani na fundo la majani yaliyopasuliwa tayari kwa kusukwa. Nikamwambia nitamfunza ukili mpaka aweze kushona mkeka mzima, naye anifunze herufi za Kizungu. Sikutaja habari ya jana, naye hakuitaja.

Tulianza kesho yake na tukaendelea karibu kila siku, baada ya kazi za asubuhi na kabla mavyaa hajarudi shamba. Hatukuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa adimu wakati huo kama kitambaa. Tuliandika kwa makaa kwenye mlango wa jikoni kwangu, upande wa ndani, kisha tukaufuta kwa tambara bichi. Alinifunza kama alivyofunzwa yeye, kwa kuimba: ba, be, bi, bo, bu. Da, de, di, do, du. Mimi niliyezoea kuandika kutoka kulia nilijikuta naanza kila mara upande usiostahili, na yeye akinishika mkono na kunirudisha bila kusema kitu. Mtoto alikaa katikati yetu. Hakukuwa na mahali pengine pa kumweka. Na kwa kuwa kujifunza kwenyewe kulikuwa ni kutamka kwa sauti, chumba kilichokuwa kimya miaka miwili kikajaa sauti ya wanawake wawili wakirudiarudia vitu visivyo na maana.

Nje ya masomo pia nilijilazimisha. Nilikuwa nikimwambia mtoto: sasa tunachukua ndoo, sasa tunakwenda kisimani, huyu ni kuku wa nani, amekula nini. Mwanzoni niliona haya kama mtu anayezungumza peke yake njiani. Mavyaa alinisikia mara moja akasimama mlangoni. Aliuliza nazungumza na nani. Nikasema na mjukuu wake. Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Wiki ya tatu au ya nne, nikiwa nimekwama mlangoni, nimesoma "ba, be, bi, bo" na kunyamaza kwa sababu moshi ulinipalia, mtoto akasema, "Bu."

Sote wawili tukamtazama. Yeye alikuwa ameshika kipande cha mkaa, hajali. Jirani akasema tena pole pole, "Ba, be, bi, bo," akanyamaza. Mtoto akasema, "Bu." Tukafanya hivyo mara nyingi, labda kupita kiasi, mpaka akachoka na kuanza kulia. Jirani alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa nyuma ya kiganja, akajipaka masizi uso mzima.

Hakuanza kwa "mama" wala "maji," basi, kama watoto wengine. Alianza kwa silabi, kama mtu anayesoma. Kwa miezi kadhaa mtindo wake ulikuwa ni kurudia mwisho wa kila alichosikia: ukisema "ndoo," yeye "doo", ukisema "twende kisimani," yeye "ma-ni." Maneno yake mwenyewe yalikuja baadaye, moja moja.

Nilimwambia mavyaa siku ileile. Aliuliza ilikuwaje, nami nikalazimika kueleza na habari za masomo, ambazo nilikuwa sijamwambia. Alinyamaza siku mbili. Niliogopa atayakataza, kwa kuwa herufi zile kwake zilikuwa herufi za misheni. Siku ya tatu, akiwa anavaa leso aende shamba, akasema kwamba jambo lolote la kusoma huanza kwa jina la Mungu, na kwamba hajasikia tukilitaja. Tangu siku hiyo nilisema bismillahi kwa sauti kabla ya kugusa mkaa. Jirani alisubiri nimalize, kisha tukaendelea. Hilo ndilo lililokuwa sharti, na halikuwa zito.

Ilipofika wakati wa mihogo kuchimbwa nikazitoa barua chini ya godoro. Zilikuwa nne. Nilizisoma kwa siku kadhaa, kwa kidole, neno baada ya neno. Hazikuwa na mambo makubwa. Katika moja aliuliza mtoto ana meno mangapi, na swali hilo lilikuwa na mwaka mzima. Katika ya mwisho mwandiko ulikuwa mwingine, mkubwa na wa kupinda, na akaeleza kwamba sasa anaandika mwenyewe, wamefunzwa kambini. Nilifikiri jambo hilo kwa muda, kwamba yeye huko na mimi huku tulikuwa kwenye silabi zilezile bila kujuana. Kisha nikamjibu. Nilimwambia meno yote yametoka na kwamba mtoto anasema. Barua ile haikurudi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo singependa kuieleza, lakini bila hiyo habari hii ingekuwa ya uongo.

Ilikuwa asubuhi, tuko kwa jirani. Yeye alikuwa akitwanga mahindi kinuni. Mimi nimekaa kwenye mkeka alioushona mwenyewe, wa kwanza, uliopinda upande mmoja. Mtoto anaokota punje zilizoruka. Tarishi wa serikali akapita na baiskeli, akauliza jina la mume wa jirani, akatoa bahasha, akaenda haraka. Nimejiuliza baadaye kama alijua alichobeba. Nadhani alijua.

Jirani alikuwa na mchi mkononi na jasho hadi kwenye viwiko. Barua za waume zetu zilikuwa zikija kwa njia tofauti tofauti, hakuona ajabu. "Fungua, dada," akaniambia. "Leo soma wewe, mimi nikusahihishe."

Nikafungua. Ilikuwa imepigwa kwa mashine, herufi safi kuliko zote nilizowahi kuziona, na nakumbuka nilifurahi kwa hilo. Nikaanza. Mtu anayesoma kwa silabi hapati maana mpaka afike mwisho wa neno, arudi, aliunganishe. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikitoa sauti tu. Nikasoma jina la mumewe. Nikasoma "se-ri-ka-li." Nikasoma "i-na-si-ki-ti-ka."

Mchi ulisimama. Yeye alikuwa ameshaelewa. Mimi nilikuwa bado naliunganisha neno.

Na mtoto, kama ilivyokuwa desturi yake, akarudia mwisho wake. "Ki-ti-ka," akasema, kwa furaha, kwa kuwa lilikuwa refu na ameliweza. "Ki-ti-ka."

Nikamziba kinywa kwa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwambia anyamaze. Alinitazama kwa mshangao juu ya vidole vyangu.

Jirani akasema, "Maliza." Nikamwambia hapana, asome mwenyewe. Akasema, "Maliza, dada. Umeshaanza." Nikamaliza. Sijui nilitumia muda gani. Barua ilikuwa na mistari mitano au sita, nami niliisoma yote kwa silabi, kwa sababu sikujua kusoma kwa njia nyingine, na kila neno lilimfikia yeye kabla halijanifikia mimi. Nilipomaliza alinyoosha mkono akaichukua, akaikunja, akaitia kwenye mkunjo wa leso, akainua mchi na kutwanga mpaka mahindi yaliyokuwa kinuni yakawa unga. Ndipo akakaa chini.

Nilimtuma mtoto wa jirani mwingine amwite mavyaa shambani. Mavyaa alikuja na udongo miguuni. Hakusema neno lolote la dini. Alikaa nyuma ya yule mwanamke, akamwegemeza kifuani kwake kama anavyoegemezwa mzazi wakati wa uchungu wa kuzaa, na wakakaa hivyo mpaka alasiri. Mimi nilipika. Siku zile nne tulizokaa naye, mavyaa alilala kwake, kwenye mkeka chini.

Mwanangu hakusema siku tatu. Niliona, lakini sikuwa na nafasi ya kulihangaikia. Siku ya nne akaomba maji, kwa neno lake kamili, na nikampa.

Shemeji yake jirani alikuja kutoka Rabai kumchukua. Vitu vyake vilikuwa vichache: kinu, sufuria mbili, godoro, sanduku la bati. Ungo wangu ulikuwa bado kwake na alinirudishia. Nilimwambia abaki nao, akasema hapana, huo ni wa nyumba yangu. Mkeka aliuchukua. Tulipoagana nilitaka kumwomba radhi kwa ile asubuhi na sikujua niseme nimekosa nini. Nikasema, "Ningalijua, nisingaliisoma." Yeye akajibu kwamba ilikuwa afadhali mimi kuliko karani wa duka. Sikuwahi kumweleza habari ya karani. Nadhani naye alipitia palepale.

Nilimwandikia Rabai mara tatu. Alijibu mara moja, kwamba ni mzima na anafundisha watoto wadogo shuleni. Baadaye nilisikia ameolewa tena upande wa Kaloleni.

Vita vilikwisha na sisi hatukuona tofauti kwa miezi mingi, isipokuwa meli zilipungua. Mume wangu alirudi mwaka uliofuata. Hatukwenda kumpokea kwa sababu hatukujua siku. Alitokea tu, akitembea kutoka feri ya Likoni na mfuko wa turubai begani, amekonda na ngozi imekuwa ya manjano kwa dawa ya malaria. Mavyaa alishika mlango asianguke. Mtoto, aliyekuwa na miaka minne na nusu, alimwambia "shikamoo" kama anavyomwambia mgeni yeyote, akauliza anataka nani.

Wiki za kwanza hatukuelewana vizuri, na nalisema hili kwa sababu wengi waliorudi walipitia hayo na hawayasemi. Siku moja aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, ni nani aliyekuwa akiniandikia barua. Nikasema mimi mwenyewe. Akasema anajua naandika kwa Kiarabu. Hizi zilikuwa za Kizungu, tena zimenyooka. Nikamwambia nilijifunza. Akauliza kwa nani. Nikamweleza ni mke wa mwenzake, yule aliyekufa. Niliona hajaamini, na kwamba kwa miaka miwili amekuwa na mwanamume fulani kichwani mwake, karani wa namna fulani, akiniandikia mambo ya nyumbani kwetu.

Sikubishana. Nilichukua mkaa jikoni na kuandika kwenye mlango vitu vilivyokuwa vimeisha siku hiyo: chumvi, mafuta ya taa, kibiriti, sabuni. Akasimama kuvitazama. Aliutambua mwandiko. Akatoka akaenda dukani, akarudi na vyote isipokuwa sabuni, ambayo haikupatikana, na hakuuliza tena.

Alikuwa mtu wa maneno machache kuliko alivyoondoka. Mtoto naye wakati huo alikuwa hafungi kinywa tangu alfajiri. Alimfuata kiwanjani akimuuliza kila kitu, hili kovu la nini, huko kuna kuku, huko wanakula nini. Alimwita "askari." "Askari, chakula tayari." Mavyaa alimkanya, mimi nilimkanya, lakini mume wangu alisema mwacheni, na akaitika kwa jina hilo miezi mitatu. Alipopata kazi ya kupakua mizigo bandarini akawa anatoka mapema na kurudi jioni, na mtoto akawa anamngoja njiani.

Siku alipomwita baba sikuwapo. Nilikuwa nimekwenda Jomvu kumtazama mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Niliporudi mavyaa akaniambia, huku akimenya mihogo, kwamba juzi mtoto alijikata mguu kwa jembe, jeraha dogo, na alimpigia kelele baba yake kwa jina la baba, naye akatoka chooni mbio, nguo haijamkaa sawa. Nikauliza alifanya nini. Mavyaa akasema alimfunga kitambaa. Kisha akaniuliza hali ya mama yangu, na kama nimepata samaki njiani, kwa kuwa hapo nyumbani hapakuwa na kitoweo.